Kura, Shaka na Haki: Serikali na Utafiti wa Kulinganisha Tiba

Utafiti wa kulinganisha tiba huchukua njia mbili au zaidi za kutibu au kukinga ugonjwa mmoja, huwagawia watu wa hali moja njia hizo, kisha huhesabu nani alipata nafuu, nani aliumia na nani alifariki. Hesabu yake haina siri. Kinachosumbua ni uhalali wake: mgonjwa apewe tiba hii badala ya ile kwa haki gani, ikiwa kilichoamua ni kura, wala si hali yake au busara ya daktari wake? Serikali inapoilipia kazi hiyo, au inapoiidhinisha ili wengine waifanye, swali huwa zito zaidi, maana serikali hiyohiyo ndiyo iliyokabidhiwa ulinzi wa mgonjwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kiwango hicho hakijulikani mpaka tiba zilinganishwe, na kulinganisha kuna maana kwamba, kwa muda fulani, baadhi ya watu watapata ile iliyo duni.

Katika Kaunti ya Kajiado swali hili lina historia ya karibu, na kwa sababu hiyo linaweza kuchunguzwa bila kubaki hewani.

Chupa juani, chupa kivulini

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na Ronan Conroy wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland walitaka kujua kama jua peke yake linaweza kuyafanya maji ya mto na bwawa yawe salama ya kunywa. Walichagua jamii ya Wamaasai wa Kajiado, ambako maji ni ya taabu na kuni za kuyachemshia ni za taabu zaidi. Watoto 206 wenye umri wa miaka 5 hadi 16 waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa chupa za plastiki zinazopitisha mwanga. Kundi moja liliambiwa liziweke juu ya paa, zipigwe na jua. Kundi la pili liliambiwa liziweke ndani ya nyumba, kivulini. Kwa wiki 12, kila baada ya wiki mbili, familia ziliulizwa kama mtoto aliharisha.

Matokeo yalitoka mwaka 1996 katika jarida la Lancet. Kuhara kulikomzuia mtoto kufanya kazi zake kulitajwa katika vipindi 186 kati ya 1,174 kwa watoto wa chupa za juani, na vipindi 222 kati ya 1,063 kwa watoto wa chupa za kivulini. Kipimo hicho kinalingana na maisha ya bomani: mtoto wa Kimaasai wa umri huo huchunga ndama na mbuzi, na siku asiyoweza kuinuka huonekana na kila mtu. Nafuu ilikuwepo, ila ilikuwa ndogo. Utafiti wa pili, uliochapishwa 1999, ulifuatilia watoto 349 wa chini ya miaka 6 kwa mwaka mzima. Kuhara kulitajwa katika asilimia 48.8 ya vipindi vya wiki mbili kwa waliotumia jua, na asilimia 58.1 kwa wengine.

Kisha kipindupindu kikaingia katika eneo hilohilo. Watafiti walizirudia nyumba 131 zilizokuwa katika jaribio na kuhesabu wagonjwa. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 kwenye nyumba za chupa za juani, waliougua walikuwa 3. Kati ya watoto 144 wa nyumba za kivulini, waliougua walikuwa 20. Kwa watoto wakubwa na watu wazima hakukuonekana tofauti ya maana.

Takwimu hizo ni ushahidi, na pia ni shtaka. Zinaonyesha kwamba njia isiyo na gharama ilikinga watoto wadogo. Zinaonyesha vilevile kwamba wapo watoto walioambiwa waweke chupa zao kivulini, na wakaugua. Mtu anayetaka kuutetea utafiti wa aina hii hana budi aikabili namba 20 kabla ya kuisifu namba 3.

Shaka kama sharti la uhalali

Hoja kongwe dhidi ya majaribio haya inatokana na utu. Binadamu hapaswi kufanywa chombo cha manufaa ya wengine, hata manufaa hayo yawe makubwa namna gani. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliijenga hoja hiyo juu ya akili, na dini huijenga juu ya uumbaji: mwili wa mtu ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuihatarisha ovyo, sembuse mtu mwingine. Katika sheria ya Kiislamu kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu. Katika mafundisho ya Kikristo mgonjwa ni jirani anayestahili kuhudumiwa kwa ajili yake mwenyewe.

Jibu linaloheshimika zaidi lilitolewa na Benjamin Freedman, mwanafalsafa wa Kanada, mwaka 1987. Kwa maoni yake, jaribio ni halali ikiwa kuna shaka ya kweli miongoni mwa wataalamu kuhusu ni tiba ipi bora. Haitoshi daktari mmoja awe hajui, wala hakuna haja kila daktari awe katikati kabisa ya mizani. Linalotakiwa ni kuwa taaluma kwa jumla haijaafikiana. Mahali penye shaka hiyo, mgonjwa anayeangukia kundi lolote hanyimwi kitu kinachojulikana kuwa bora, kwa kuwa hakuna anayekijua. Shaka ikiisha, ruhusa nayo imekwisha.

Kwa kipimo hicho, jaribio la kwanza la Kajiado lina utetezi wa wazi. Kabla ya 1996 uwezo wa jua ulikuwa umeonekana maabara, na maabara si bomani: mtoto huchota maji njiani, chupa huchafuka mdomoni, mawingu hutanda. La pili linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu dalili ya kwanza ilikwishapatikana. Dalili hiyo ilihusu watoto wakubwa, nayo ilikuwa ndogo, hivyo hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kwamba watoto wadogo, wasiojichungia chupa zao, wangefaidika. Shaka ilikuwa bado ipo, ingawa ilikuwa imepungua. Uzito wa kimaadili unakaa hapo, katika kukadiria shaka iliyobaki inatosha au haitoshi, na ukadiriaji huo hauwezi kuachiwa mtafiti mwenyewe.

Mazoea nayo ni jaribio

Wanaopinga majaribio mara nyingi huchukulia kwamba asiyefanya jaribio yuko salama kimaadili. Historia ya tiba Afrika Mashariki inakataa. Kwa miaka mingi mtoto aliyefikishwa hospitalini hoi kwa homa kali, mikono na miguu imepoa, mzunguko wa damu umelegea, alistahili kwa kanuni za kimataifa kutiwa maji mengi ya mshipani kwa haraka. Dripu ilikuwa alama ya huduma bora. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland wa kituo cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi na kugharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, liliilinganisha desturi hiyo na matibabu yasiyo na maji hayo ya haraka, kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Lilisimamishwa Januari 2011 kabla ya wakati wake. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka walifariki zaidi ya 10. Katika kundi ambalo halikutiwa walifariki 7.

Aliyewahurumia watoto wa kundi la pili kwa kunyimwa dripu alikuwa amekosea pa kuelekeza huruma yake. Na kabla ya jaribio hilo kila wodi iliyotumia dripu kwa namna ile ilikuwa ikifanya jaribio pia, la upande mmoja, lisilo na daftari, lisilo na ridhaa na lisilo na siku ya kukoma. Kwa hiyo serikali haina nafasi ya kuchagua kati ya kujaribu na kutojaribu. Ina nafasi ya kuchagua kati ya jaribio lenye masharti na jaribio lisilo na masharti, ambalo huitwa mazoea.

Wazo hili si geni wala si la Kizungu peke yake. Al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kwamba aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wenye dalili za ugonjwa wa utando wa ubongo na kuwaacha wengine kwa makusudi, ili ajue kama kutoa damu kunasaidia. Kitabu cha Danieli, kinachosomwa makanisani Kitengela, mji wa Kajiado, kama kwingineko, kinasimulia vijana wanne waliojaribiwa siku kumi kwa mboga na maji, sura zao zikalinganishwa na za waliokula chakula cha mfalme. Visa hivyo viwili vina upungufu mmoja. Vijana wa Danieli walijichagua wenyewe, na wagonjwa wa al-Razi walichaguliwa naye. Tofauti iliyoonekana inaweza kuwa ya watu, si ya tiba. Kura ilikuja kuziba pengo hilo.

Kura na majaliwa

Ndipo dini inapoguswa moja kwa moja. Katika Biblia nchi ya Kanaani iligawanywa kwa kura, na Mathiya aliwekwa mahali pa Yuda kwa kura. Katika Qurani, Yunus aliingia katika kura akiwa jahazini, na ulezi wa Maryam uliamuliwa kwa kutupa kalamu. Mtume Muhammad, kwa mujibu wa hadithi, alipiga kura kati ya wake zake alipokwenda safari. Kwa Wamaasai, olaiboni hutikisa mawe ndani ya enkidong, kibuyu chake, na kuyasoma yaliyofichika. Kwa hiyo mwenyeji wa Kajiado, awe wa kanisani, msikitini au wa mila, hukutana na kura ya mtafiti akiwa tayari ana maana yake.

Maana hizo hazilingani. Kura ya mitume na mawe ya olaiboni hutafuta jibu: yupo ajuaye, na kura ni njia ya kumsikia. Kura ya kugawana, kama ile ya wake wa Mtume, haitafuti jibu lolote. Huondoa upendeleo mahali ambapo haki za watu ni sawa, na mafakihi wengi wameikubali kwa sababu hiyo, huku wakiitenga kabisa na kamari, ambamo mmoja hula mali ya mwenzake. Kura ya utafiti ni ya jamii ya pili. Haisemi mtoto huyu amekusudiwa jua na yule amekusudiwa kivuli. Inawazuia mtafiti, mzazi na chifu wasiwapendelee watu wao, na kwa njia hiyo makundi mawili yanafanana mpaka tofauti itakayoonekana iwe ya tiba.

Jaribio la streptomaisini la Uingereza, lililochapishwa 1948, liliunganisha sababu zote mbili za kura. Nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni na dawa ilipatikana kidogo, isiwatoshe wagonjwa wote wa kifua kikuu. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa kura, 55 wakapewa dawa na kupumzishwa kitandani, 52 wakapumzishwa tu. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Kwa kuwa dawa isingetosha kwa vyovyote, kura ilikuwa mgao wa haki, na mgao huohuo ukazaa ujuzi. Kosa la kimaadili huanza pale uhaba unapotengenezwa, yaani dawa ipo na ingeweza kutolewa, lakini hospitali imeachwa tupu.

Kulinganisha na nini

Swali la kura likishatulia, linabaki la kile kinacholinganishwa. Mwaka 1997 kulizuka mzozo mkubwa duniani kuhusu majaribio ya kuzuia virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika nchi maskini. Ilikwishajulikana Marekani na Ufaransa kwamba dawa ya AZT kwa utaratibu mrefu inakinga, lakini baadhi ya majaribio yaliwapa akina mama wa kundi la pili kidonge kisicho na dawa. Watetezi walisema katika nchi zile akina mama hawakuwa wakipata chochote, hivyo kulinganisha na kukosa dawa ndiko kulikojibu swali la nchi hizo. Wapinzani walisema umaskini wa mahali hauwezi kuwa kipimo cha thamani ya mtu. Jaribio la Uganda la dawa ya nevirapini lilikwenda njia nyingine kwa kulinganisha dawa mbili, nevirapini na AZT ya muda mfupi. Katika wiki ya 14 hadi 16 watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 13.1 kwa nevirapini na 25.1 kwa AZT.

Chupa za kivulini za Kajiado ziko upande wa watetezi. Kundi la kulinganishia liliachwa katika hali yake ya kawaida ya maji. Mtu anaweza kuuliza kwa nini halikupewa maji ya kuchemshwa au ya dawa ya klorini, ambayo faida yake inajulikana. Jibu la kivitendo ni kwamba kuni na klorini hazikupatikana kwa urahisi, na suluhisho lililohitajika lilikuwa lile litakalodumu baada ya watafiti kuondoka. Jibu hilo lina nguvu kwa mtafiti, ambaye si yeye aliyewanyima watu maji safi. Kwa serikali halina nguvu. Maji safi na salama ya kutosha ni haki katika kifungu kilekile cha 43, na serikali haiwezi kuugeuza upungufu wake yenyewe kuwa kundi la kulinganishia kisha ikatulia.

Ridhaa bomani na mjini

Kanuni ya Nuremberg ya 1947 na Azimio la Helsinki la 1964 ziliifanya ridhaa ya mshiriki kuwa mlango wa kila jaribio, na Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 imeiweka ridhaa iliyoelezwa kuwa haki ya kila anayetibiwa. Utekelezaji wake hubadilika kulingana na mahali.

Bomani, mtafiti hupitia kwa chifu na kwa wazee kabla ya kubisha hodi. Idhini yao ni ya lazima kwa adabu, na ina faida: wazee huuliza maswali ambayo mtu mmoja angeona haya kuyauliza. Lakini idhini ya mzee hufungua lango tu. Mwanamke anayechota maji na kumnywesha mtoto ndiye atakayeibeba chupa hiyo kila siku, na ridhaa yake haiwezi kutolewa na mwingine kwa niaba yake. Maelezo hayana budi yatolewe kwa Kimaa, na yaseme bila kuzunguka kwamba kura ndiyo itakayoamua, na kwamba kukataa hakutamnyima mtu huduma.

Kitengela ni ulimwengu mwingine. Mji umejaa watu kutoka kila pembe ya Kenya, wengi wao wakitegemea viwanda vya Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje, na kazi za Nairobi. Hakuna mzee mmoja wa kuwasemea. Anayeugua huanza kwenye kemisti ya karibu, huenda kliniki ya binafsi akiwa na pesa, na hufika hospitali ya serikali zikimwishia. Hapo ridhaa hutishwa na ukosefu. Ikiwa dawa haipo dirishani na jaribio linatoa vipimo, dawa na nauli, fomu hutiwa sahihi bila shuruti ya mtu yeyote, lakini mgonjwa hana mlango wa pili. Kadiri huduma ya kawaida inavyodhoofika, ndivyo ridhaa inavyokuwa rahisi kupatikana na nyepesi kimaadili. Huduma za hospitali za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti tangu ugatuzi, kwa hiyo kujaza dirisha la dawa la Kitengela ni sehemu ya maadili ya utafiti, ingawa halitajwi katika fomu yoyote.

Dharura ina ugumu wake. Katika FEAST mtoto alifika akiwa karibu kufa, na mzazi asingeweza kusomewa kurasa za maelezo. Kamati za maadili ziliruhusu kukubali kwa mdomo kwanza, na ridhaa kamili baadaye hali ikitulia. Utaratibu huo ulikosolewa, lakini kuukataza kungemaanisha kwamba tiba za dharura zisilinganishwe kamwe.

Nani alipe

Kampuni ya dawa hulipia ulinganisho utakaoiuzia dawa. Hakuna kampuni itakayolipia kulinganisha jua na kivuli, dripu na kukosa dripu, au dawa mbili za zamani ambazo kila mtu anaweza kuzitengeneza. Maswali ya aina hiyo ndiyo mengi katika zahanati za Kajiado, na fedha za umma ndizo zinazoweza kuyabeba.

Kifua kikuu ni kielelezo kizuri. Kuanzia miaka ya 1950 serikali za Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza zilishirikiana kulinganisha dawa za ugonjwa huo katika hospitali za eneo hili. Matokeo yaliyotoka 1972 yalionyesha kwamba miezi sita ya streptomaisini na isoniazidi pamoja na rifampisini iliwaacha wagonjwa kama 3 tu kati ya 100 wakirudiwa na ugonjwa, sawa na tiba ya kawaida ya miezi 18. Bila rifampisini wala dawa nyingine ya tatu, waliorudiwa walikuwa 29. Kwa mfugaji anayehama kufuata malisho, kutoka miezi 18 hadi 6 ni tofauti kati ya kumaliza dawa na kuiacha njiani. Huko Wajir, kuanzia 1976, Annalena Tonelli aliitumia tiba fupi kwa kuwakalisha wafugaji katika kijiji cha vibanda karibu na hospitali hadi wapone. Ujuzi uliopatikana kwa wagonjwa wa hapa ukaingia katika tiba ya kifua kikuu ya dunia nzima.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na kuiahidi asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Mgao halisi umebaki chini sana ya hapo. Pengo hujazwa na wafadhili wa nje, na methali ya mgeni aje mwenyeji apone mara nyingi hutimia. Lakini mgeni huja na swali lake, na huondoka kwa wakati wake. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, majaribio kadhaa barani Afrika yalikatika yakiwa na washiriki ndani. Mtu aliyekubali kuingia katika kura kwa ajili ya wengine aliachwa bila ufuatiliaji na bila jibu. Serikali inayoidhinisha jaribio katika ardhi yake inabeba dhamana ya kulimaliza au kulifunga kwa usalama, hata kama fedha si zake.

Nani asimamie

Fedha za serikali si kinga dhidi ya ubaya. Utafiti wa Tuskegee, Marekani, uliogharimiwa na idara ya afya ya serikali yenyewe, uliwaacha wanaume weusi 399 wenye kaswende bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972, ingawa penisilini ilikuwa imepatikana katikati ya kipindi hicho. Shaka ilikufa, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kusema imekufa.

Kenya ina somo lake. Mwaka 1990 taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilitangaza Kemron, interferoni ya kumezwa kwa dozi ndogo, kuwa tiba ya UKIMWI, na Rais Daniel arap Moi akaipa heshima ya kuitambulisha hadharani. Ushahidi wa mwanzo haukuwa na kundi la kulinganishia. Majaribio ya baadaye, likiwamo lililofanywa Kampala kwa kulinganisha interferoni hiyo na kidonge kisicho na dawa, hayakuona faida. Fahari ya taifa ilikuwa imetangulia hesabu. Serikali ilikuwa mlipaji, mtafiti, mwamuzi na mpiga debe kwa wakati mmoja, na aliyetilia shaka alionekana msaliti.

Kwa sababu hiyo usimamizi wa sasa umegawanywa. Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, hutoa kibali cha utafiti na kuzitambua kamati za maadili. Kamati hizo husoma mpango wa jaribio na fomu za ridhaa. Bodi ya Dawa na Sumu huidhinisha majaribio ya dawa. Jaribio kubwa huwa pia na kamati huru inayozifungua takwimu kabla ya mwisho na kuamua kama shaka bado ipo, na ndiyo njia iliyoisimamisha FEAST. Kamati hiyo ndiyo inayoipa nguvu kanuni ya Freedman, maana bila mtu wa kutazama, shaka inaweza kufa bila kutangaziwa kifo chake.

Upungufu uliobaki ni wa imani ya watu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilikanusha. Mzozo ulionyesha kwamba muhuri wa serikali peke yake haumtoshi mwananchi. Kamati ya maadili yenye madaktari na mawakili tu itasoma hatari za mwili na kukosa hofu za waumini. Padri, imamu na mama wa bomani wakikaa ndani yake, maswali yataulizwa kabla ya sindano.

Deni la matokeo

Jaribio likiisha, wajibu haujaisha. Walioangukia upande duni walibeba hatari kwa ajili ya ujuzi, na malipo pekee yanayowafaa ni ujuzi huo kutumika. Takwimu zikifungiwa kabatini, hatari yao imekuwa ya bure. Kwanza kabisa, jamii iliyojaribiwa iambiwe kilichopatikana, kwa lugha yake, na tiba iliyoshinda ifikishwe kwao.

Pia kuna hofu ya upande wa pili, kwamba atakayelipia ulinganisho atautumia kunyima tiba. Uingereza iliunda chombo cha NICE mwaka 1999 kushauri ni tiba zipi zilipiwe na umma, kwa kupima faida pamoja na gharama. Marekani ilipounda taasisi ya kulinganisha tiba kwa sheria ya 2010, ilikataza isitumie gharama ya mwaka mmoja wa maisha kuwa kizingiti cha kuamua. Kenya, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ina jopo la kushauri kuhusu huduma zitakazolipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024. Kulinganisha na kunyima ni vitendo viwili tofauti. Cha kwanza huuliza lipi linafaa, cha pili huamua nani akose, na uamuzi wa pili ni wa kisiasa hata ukivaa koti la kisayansi. Unapaswa kutangazwa pamoja na sababu zake, ili mchangiaji wa Kitengela aweze kuupinga.

Uhalali wa kulinganisha tiba kwa fedha au kwa idhini ya serikali unategemea basi masharti manne: shaka iwe ya kweli na iwepo kamati huru ya kusema imekwisha, anayeombwa ridhaa awe na huduma ya kawaida ya kurudia akikataa, mlipaji asiwe mwamuzi, na matokeo yawarudie waliobeba hatari. Sharti moja likikosekana, mengine hayawezi kulifidia. Yote yakitimia, mtu aliyeingia katika kura hajafanywa chombo, kwa kuwa hakuna aliyemficha jambo alilolijua, na alichokosa kwa kura hakikujulikana na yeyote kuwa bora siku ile.